Supamoto na Lugha ya Mafundi: Historia ya Pikipiki ya Silinda Moja na Istilahi Zake

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimejiundia chenyewe bila msaada wa kamati yoyote, pikipiki ni neno linalostahili heshima. Ni tanakali ya sauti. Aliyelitamka kwanza hakuuliza chombo kile kimetoka nchi gani wala wenyewe wanakiitaje. Alisikia kinavyolia, akakiita hivyo. Ndugu yake ni tukutuku, neno lenye maana hiyo hiyo, ambalo katika Kiswahili cha Kivu, mashariki ya Kongo, lingali likisikika. Majina yote mawili yanaiga mdundo unaokatika, pigo baada ya pigo, na mdundo wa namna hiyo hutolewa na injini ya silinda moja. Injini ya silinda nne haisemi piki-piki wala tuku-tuku, huvuma. Waingereza na Wamarekani nao wanayo lakabu ya pikipiki kubwa ya silinda moja, na maana ya lakabu hiyo ni kitu kipigacho kishindo. Masikio ya watu wa mbalimbali yamesikia jambo lile lile.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya aina moja ya pikipiki hiyo, yaani supamoto, pamoja na yale ambayo wenye nayo wameyapata katika kuiendesha na kuitunza. Kisha kuuliza Kiswahili kinayo maneno gani ya kuyaeleza. Huenda msomaji akastaajabu kwamba jarida la istilahi lishughulike na chombo ambacho ni nadra kukutana nacho katika barabara zetu. Lakini bodaboda inayompeleka mwalimu shuleni na mgonjwa zahanati nayo ina silinda moja, pistoni moja, plagi moja na cheni moja. Supamoto ni injini ya ukoo huo huo iliyosukumwa hadi ukingoni mwa uwezo wake. Mahali ambapo neno limelegea, bodaboda husamehe kwa muda, supamoto haisamehi. Kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuyajaribu maneno yetu, kama fundi anavyoujaribu mnyororo kwa kuutundikia mzigo mzito kuliko ule utakaobebeshwa.

Chombo na asili yake

Injini ya mapigo manne iliyofanikiwa ilitengenezwa na Nikolaus Otto huko Ujerumani mwaka 1876. Mwaka 1885 Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, katika mji wa Cannstatt, walifunga injini ndogo ya silinda moja yenye ujazo wa sentimita za ujazo 264 katika fremu ya mbao yenye magurudumu. Nguvu yake ilikuwa kama nusu ya nguvu ya farasi. Hiyo ndiyo inayohesabiwa na wengi kuwa pikipiki ya kwanza yenye injini ya petroli, nayo, kama tuonavyo, ilikuwa ya silinda moja.

Kwa muda mrefu silinda moja ilikuwa chombo cha kila kazi. Uingereza ilikuwa na BSA Gold Star, iliyoundwa kuanzia 1938 hadi 1963, ambayo mtu aliweza kwenda nayo kazini siku za juma na kushindana nayo siku ya mapumziko. Mambo yaligeuka Honda ilipotoa CB750 ya silinda nne mwaka 1969. Tangu hapo aliyetaka mwendo wa kasi na ulaini barabarani alinunua silinda nne, na silinda moja ikasukumwa kwenda mashambani, michangani na matopeni. Huko ilistawi. Yamaha ilitoa XT500 katikati ya miaka ya sabini, na Mfaransa Cyril Neveu aliitumia kushinda mashindano ya kwanza ya Paris hadi Dakar, yaliyomalizika Januari 1979. Hapa kwetu watumishi wa miradi ya vijijini walizifahamu vyema ndugu zake wadogo, Honda XL na Yamaha DT, na mafundi wengi wa leo waliokwisha kuota mvi walijifunzia kazi juu ya vyombo hivyo.

Katika mwaka huo huo wa 1979 supamoto ilizaliwa, na ilizaliwa kwa ajili ya televisheni. Shirika la ABC la Marekani lilikuwa na kipindi kikubwa cha michezo, na kutokana na wazo la mwandalizi wa mashindano Gavin Trippe liliwakusanya waendeshaji wa fani mbalimbali katika uwanja wa Carlsbad, California: wale wa lami, wale wa njia ya udongo ya mviringo, na wale wa motokrosi. Swali lilikuwa rahisi: nani bingwa wa wote? Njia iliyochorwa ilikuwa na sehemu ya lami, sehemu ya udongo mgumu na sehemu ya matuta. Mashindano hayo yaliitwa Superbikers, nayo yaliendelea kuonyeshwa hadi mwaka 1985. Wengi walichukua pikipiki za motokrosi, nyepesi na ndefu, wakazivika tairi zinazoweza kushika lami na breki zenye nguvu zaidi. Hivyo ndivyo mchanganyiko ulivyopatikana, si kwa mchoro wa mhandisi bali kwa haja ya kushinda.

Marekani iliusahau mchezo huo kwa miaka mingi. Ulaya haikuusahau. Wafaransa waliuchukua, wakaukuza na kuupa jina lao, “supermotard”, kwani kwao “motard” ni mpanda pikipiki. Jina hilo likafupishwa kuwa supermoto lilipotumika katika mataifa mengine. Mashindano ya ubingwa wa dunia chini ya Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki yalianza mwaka 2002, na Wamarekani wakaurejea mchezo wao waliouzaa.

Kwa mwenye kununua dukani, hatua kubwa ilikuwa mwaka 1994, KTM ya Austria ilipotoa Duke ya kwanza, yenye silinda moja ya sentimita za ujazo 609. Zile za mwanzo ziliwashwa kwa kiki tu, na kuipiga kiki pistoni ya ukubwa ule ni kazi ya mtu aliyekula akashiba. (Leo vijana wa Dar es Salaam husema “kutafuta kiki” kwa maana ya kutafuta umaarufu. Atakayeandika etimolojia ya msemo huo asiache kupita gereji.) Mwaka 2005 Suzuki ilitoa DR-Z400SM, nami nitaitumia hiyo kama mfano mkuu wa makala haya, kwa kuwa iliuzwa kwa muda mrefu karibu bila kubadilishwa, na wenye nayo wamekuwa na miaka mingi ya kuijua kwa ndani.

Jinsi inavyoendeshwa

DR-Z400SM ina ujazo wa sentimita za ujazo 398. Uzito wake ni kama kilo 146, kiti chake kiko juu milimita 890 kutoka ardhini, tangi lake huchukua lita 10, na gia zake ni tano. Magurudumu yake ni ya inchi 17 na diski ya breki ya mbele ina kipenyo cha milimita 300. Tarakimu hizi zinaeleza karibu kila sifa na kila lawama ambayo wenyewe hutoa.

Sifa ni hizi. Mwendeshaji amekaa juu, mgongo wima, mikono imetanuka juu ya usukani mpana, anaona mbele ya magari. Chombo ni chepesi, kwa hiyo katika barabara yenye kona nyingi hulala na kuinuka kwa urahisi kuliko pikipiki yenye nguvu mara mbili yake. Nguvu yenyewe huja mapema, tangu injini ikiwa bado inazunguka polepole, na mtu hufurahi bila kuvunja sheria ya mwendo. Mashimo ya barabara humezwa na shokapu ndefu zilizorithiwa kutoka kwa motokrosi.

Lawama nazo hazifichiki. Mtu mfupi huigusa ardhi kwa ncha ya vidole. Kiti ni chembamba na kigumu, na wenye nacho hukisema kwa maneno ambayo jarida hili halitayachapa. Katika barabara kuu upepo humpiga mwendeshaji kifuani kwa kuwa hana kioo, na kwa kuwa hakuna gia ya sita injini hulazimika kuzunguka kwa kasi muda wote. Tena gurudumu lina spoku na tyubu. Likitoboka hapana njia ya kuziba kwa nje kama ilivyo kwa tairi zisizo na tyubu, bali lazima tairi livuliwe.

Na juu ya yote kuna mtetemo. Hebu tuuhesabu. Injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni husimama kabisa na kugeuza njia mara 12,000 katika dakika hiyo, juu na chini, na kwa kuwa ni injini ya mapigo manne mlipuko hutokea mara 3,000, yaani mara 50 kwa sekunde. Katika injini ya silinda nne pistoni mbili zinaposhuka mbili hupanda, nazo hufutiana sehemu kubwa ya msukosuko wao. Silinda moja haina mwenzake. Wahandisi huiwekea mhimili wenye uzani unaozunguka kinyume ili kupunguza tikisiko, lakini kupunguza si kuondoa. Baada ya saa moja ya barabara kuu vidole hufa ganzi.

Mtetemo huo huo ndio mwalimu wa utunzaji. Wenye DR-Z400 huko Marekani waligundua mapema kwamba baadhi ya boliti zilizo ndani ya vifuniko vya injini, mahali ambapo jicho halifiki, huweza kulegea. Ikawa desturi kwa anayeinunua kuvifungua vifuniko, kuzitoa boliti hizo, kuzisafisha, kuzipaka gundi maalumu ya kuzuia kulegea na kuzirudisha kwa nguvu ya kukazia iliyopimwa. Wengi wao pia hukiondoa kikazio kinachojikaza chenyewe cha cheni ya taimingi na kuweka kinachokazwa kwa mkono, kwa kuwa hawakiamini kile cha kiwandani. Hapa pana jambo la kuangaliwa: kukaza kwa mkono kupita kiasi huichosha cheni na kile inachokizungusha, kwa hiyo aliyekimbia hatari moja anaweza kuiingia nyingine. Neno “kaza” likiachwa peke yake katika kitabu cha maelekezo ni nusu ya maelekezo. Lugha ya gereji ina “kaza”, “kaza sana” na “kaza mpaka ilie”. Injini ya aluminiamu inataka tarakimu.

Mafuta yapi?

Sasa na tuje kwenye istilahi zenyewe. Nitaanza na neno ambalo kila mtu anadhani anajua maana yake.

Katika Kiswahili petroli ni mafuta, oili ya injini ni mafuta, kinachotiwa katika shokapu ni mafuta, kinachopakwa katika cheni ni mafuta, na kinachotiwa katika breki za diski ni mafuta ya breki. Katika mazungumzo hakuna anayepotea, kwa sababu mkono unaonyesha kile ambacho ulimi haukukitaja. Kitabu hakina mkono. Mfasiri akiandika “angalia mafuta, yakipungua ongeza” katika sehemu tano za kitabu kimoja, ameandika sentensi tano zilizo sahihi kisarufi na moja kati yake inaweza kuua.

Sababu ni hii. Kile kinachotumika katika breki za diski za pikipiki nyingi si mafuta hata kidogo, bali ni kimiminiko cha jamii ya glaikoli. Mipira inayozuia kuvuja katika breki hizo imetengenezwa ili iishi ndani ya kimiminiko hicho. Ikiguswa na mafuta ya kweli, kama oili ya injini, mipira hiyo huvimba na kulainika, na breki hushindwa kufanya kazi au hujishika zenyewe. Tena kimiminiko hicho hufyonza unyevu wa hewa, na kadiri kinavyozidi kuwa na maji ndivyo kinavyochemka katika joto la chini zaidi. Mwenye supamoto hufunga breki kwa nguvu mara kwa mara, diski hupata moto, kimiminiko kilichozeeka huchemka, mvuke huingia ndani, na mkono wa breki hurudi mpaka ukagusa usukani bila gurudumu kusimama. Ndiyo maana vitabu vya maelekezo huagiza kibadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama hakijapungua tone. Oili ya injini haina tabia hiyo, na msomaji aliyeambiwa kwamba vyote viwili ni mafuta hana sababu ya kuvitendea tofauti.

Namna neno lilivyofika hapo inaeleweka tukiitazama historia. Pikipiki ndogo zilizotufundisha kazi zilikuwa na breki za ngoma, zinazovutwa kwa waya au kwa chuma. Hazikuwa na kimiminiko chochote, kwa hiyo fundi wa pikipiki hakuhitaji neno lake. Alipokutana na diski aliazima “mafuta ya breki” kwa fundi wa magari, naye fundi wa magari alikuwa ameshatosheka nalo, kwa kuwa kopo lenyewe hununuliwa dukani likiwa na picha. Neno kiowevu limekuwamo katika vitabu vyetu vya sayansi kwa muda mrefu, na kila mwanafunzi wa sekondari amelisoma. Napendekeza, bila kusitasita, kiowevu cha breki, na kwamba wafasiri waache kabisa mafuta ya breki katika maandishi rasmi, hata ikiwa mafundi wataendelea kulisema. Neno mafuta pekee libaki kwa petroli na dizeli kama ilivyozoeleka vituoni, na kilicho ndani ya injini kiitwe oili, kama mafundi wanavyokiita tayari.

Oili nayo ina tatizo lake dogo. Injini ya bodaboda huweka oili yake chini, katika bakuli lake yenyewe. DR-Z400SM ni tofauti: oili nyingi hukaa ndani ya bomba la fremu, na pampu huizungusha. Wahandisi wa Kiingereza huiita injini ya namna hiyo kwa jina ambalo, likifasiriwa neno kwa neno, hutoa “sampu kavu”. Msomaji wa Kiswahili akiambiwa kwamba injini yake ina sampu kavu atakimbilia dukani kununua oili! Tena hata kuipima kuna utaratibu wake: injini iwashwe kwanza, izunguke dakika chache, izimwe, isubiriwe, ndipo kijiti cha kupimia kichovywe pikipiki ikiwa imesimama wima. Anayeipima ikiwa baridi, kama alivyozoea, atasoma upungufu ambao haupo na kuijaza kupita kiasi. Katika hali kama hii ni afadhali mfasiri aache kutafuta neno moja na aseme waziwazi: injini yenye tangi la oili kando. Ni maneno sita, na hakuna hata moja linalodanganya.

Mwanya usiolia

Istilahi iliyonifanya niandike makala haya ni ndogo zaidi. Kati ya vali na kile kinachoisukuma lazima pawe na nafasi finyu sana, ili vali ikiisha kupata moto na kurefuka bado iweze kufunga barabara. Katika DR-Z400SM nafasi hiyo, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.10 hadi 0.20 kwa vali za kuingizia hewa na milimita 0.20 hadi 0.30 kwa vali za kutolea moshi. Unene wa karatasi ya daftari ni karibu milimita 0.1; walimu wanaweza kuwaonyesha wanafunzi wao.

Mafundi wetu huita kazi hii “kufunga tapeti” au “kurekebisha tapeti”. Tapeti ni neno zuri na la zamani. Katika injini ya bodaboda iliyo ya kawaida pana skrubu yenye nati juu ya kila vali. Fundi hulegeza nati, huzungusha skrubu, huingiza bamba la kupimia, hukaza nati, na kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Na fundi anajuaje kwamba kazi hiyo inahitajika? Anasikia. Katika injini hizo, kadiri sehemu zinavyolika ndivyo nafasi inavyozidi mara nyingi kupanuka, na ikipanuka hugonga: “tapeti zinapiga kelele.” Msamiati wote umejengwa juu ya sikio. Injini inalia, injini inakohoa, injini imenoki. Ni utaratibu ule ule uliotupa neno pikipiki.

Katika injini za supamoto mambo aghalabu huenda kinyume. Vali ni nne, zinasukumwa na kemshafti mbili zilizo juu kabisa, na uso wa vali hupigwa katika kitako chake mara elfu nyingi kwa saa. Kinacholika kwanza ni uso huo pamoja na kitako, kwa hiyo vali huzama kidogo kidogo, na nafasi badala ya kupanuka hufinyika. Nafasi inayofinyika haigongi. Injini huwa na sauti tulivu kuliko ilivyokuwa mpya. Mwenyewe hufurahi. Siku moja asubuhi inakataa kuwaka. Hata ikiwaka haina nguvu, kwa sababu vali haifungi tena, gesi ya moto inapita pembeni mwake, na ukingo wake unaungua. Wahenga waliosema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu hawakuwa wameona injini, lakini msemo wao ungefaa kubandikwa katika tangi la kila pikipiki ya namna hii.

Wenye supamoto wamejifunza hivyo kwa gharama, na mazungumzo yao yamejaa tarakimu. Hawaulizani “inalia?” bali “ilikuwa ngapi?” Mtu huandika katika daftari kipimo cha kila vali kila anapofungua, ili aone ni ipi inayofinyika na kwa kasi gani. Kurekebisha nako si kazi ya skrubu. Juu ya mguu wa vali pana kibati kidogo cha duara kilichokaa chini ya kikombe cha chuma. Kukifikia lazima kemshafti zing’olewe, kibati kipimwe, hesabu ifanywe, na kinunuliwe kingine chembamba zaidi kwa sehemu ya mia ya milimita. Hapo tapeti, kwa maana ya skrubu, haipo kabisa. Mfasiri anayeandika “funga tapeti” anamtuma msomaji akatafute kitu kisichokuwamo, na neno “funga” lenyewe linamwelekeza kupunguza nafasi ambayo tayari imepungua.

Kwa hiyo tunahitaji istilahi mbili. Kwa kibati kile napendekeza kisahani. “Shimu” haifai kwa kuwa itachanganywa na shimo, na kabari ni kitu chenye ncha nyembamba kinachopigwa nyundo. Kwa nafasi yenyewe kuna washindani watatu: nafasi, uwazi na mwanya. Nafasi ni neno lililobeba mizigo mingi mno, kuanzia viti vya basi hadi ajira serikalini. Uwazi limekwisha kuchukuliwa na wanasiasa. Mwanya ni pengo jembamba kati ya vitu viwili vilivyo karibu kugusana, na kila Mswahili analijua tangu utoto kwa sababu ya meno ya mbele, ambako linahesabiwa kuwa uzuri. Linafaa pia kwa plagi, ambayo nayo ina pengo la kupimwa. Tuseme basi mwanya wa vali na mwanya wa plagi. Na tuseme mwanya umefinyika au umepanuka, tukiepuka kukaza na kulegea, ambavyo ni vya boliti.

Fundi na kamati

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na kuanzia 1974 orodha zake za Tafsiri Sanifu zilianza kuwafikia watumishi wa serikali. Tangu wakati huo mjadala haujakoma kati ya wanaotaka istilahi zitafutwe kwanza katika Kiswahili chenyewe na lugha nyingine za Kibantu, na wanaoona kwamba neno lililokwisha kukubaliwa na watumiaji lisisumbuliwe. Katika uwanja wa pikipiki mimi niko upande wa hao wa pili kwa sehemu kubwa. Plagi, klachi, kabureta, gasketi, beringi, ringi, spoku na kiki yamekwisha kuwa Kiswahili. Yana ngeli, yanapatanishwa na vitenzi, na yanaeleweka Tunduma kama Mombasa. Bajaji, ambalo ni jina la kampuni, limekuwa nomino ya kawaida Tanzania nzima. Bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda kutokana na waliokuwa wakivusha abiria kwa baiskeli huko Busia, na hakuna kamati ambayo ingeweza kulizuia. Wakenya wana nduthi pia, na wasiopenda neno hilo watazeeka nalo.

Supamoto lenyewe liingizwe hivyo hivyo, katika ngeli ya N. Najua kwamba kwetu moto ni moto, na kwamba mtoto akilisikia atadhani ni chombo kinachowaka. Lakini Waswahili wa Kongo, na majirani wa Rwanda na Burundi, husema moto kwa maana ya pikipiki kutokana na Kifaransa, kwa hiyo sehemu moja ya wasemaji wetu watalielewa neno hilo vyema kuliko sisi wa pwani. Vifungu virefu kama “pikipiki ya mashindano ya lami na udongo” vitafaa kuwa fasili katika kamusi, wala si jina.

Ninaposimama upande wa kamati ni pale tu ambapo sikio na mkono wa fundi havikuwahi kukutana na jambo lenyewe: kiowevu kisicho mafuta, injini isiyoweka oili chini, mwanya unaofinyika kimya. Mafundi hawana kosa hapo. Walitoa jina la kila walichokigusa, na vitu hivi havikuwamo katika vyombo walivyovigusa.

Orodha yenyewe haitakaa ilivyo. Novemba 2024 Suzuki ilitangaza mrithi, DR-Z4SM, yenye ujazo ule ule wa sentimita za ujazo 398 na gia zile zile tano, ambazo wenyewe walikuwa wakizilalamikia kwa miaka mingi; lakini kabureta imeondolewa, na petroli inapulizwa kwa kuongozwa na kompyuta. Huko India, zinakotoka nyingi za bodaboda zetu, sheria ya moshi ya Aprili 2020 iliwasukuma watengenezaji katika njia hiyo hiyo kwa pikipiki zinazouzwa nchini mwao. “Kuvuta choki” na “kusafisha kabureta” yatakuwa maneno ya wazee. Kwa kile kinachopuliza petroli hatuhitaji kuunda neno: mafundi wa malori ya dizeli wamekiita nozeli tangu zamani. Kinachobaki ni kukubaliana kama kitenzi chake kiwe kupuliza au kunyunyiza, na kwa kuwa kupuliza ni kwa pumzi na hewa, na kunyunyiza ni kwa maji na vimiminiko, mimi ningechagua kunyunyiza.